Kompyuta Iliyozimika Nyumbani Tu

Chakula cha jioni kilipokwisha, kila mtu katika nyumba ile alijua kazi yake. Sindano aliosha vyombo. Mdogo wake, aliyeitwa Kelele kwa sababu ambazo jirani yeyote angeweza kuzieleza, alifuta meza. Mama naye alivua sare yake ya zahanati, akavaa gauni la nyumbani, akaketi mbele ya kompyuta iliyokuwa pembeni mwa sebule.

Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi. Kwa miaka miwili alikuwa akihudhuria masomo ya jioni ili awe muuguzi kamili, na sasa alibakiza jambo moja tu kabla ya mtihani wa mwisho: kukabidhi ripoti yake. Ilihusu jinsi ndugu wa wagonjwa wanavyonawa mikono kabla ya kuwalisha wagonjwa wao. Ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Asiyeikabidhi asingefanya mtihani, na angengoja mwaka mwingine mzima.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mitumba, lakini ilitunzwa kama mtoto mchanga. Sindano alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye mkono mwepesi wa kushona, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Alikuwa amelifumia boksi la kompyuta, lile lenye mitambo yake ndani, kitambaa cha uzi mzito, akakitia bitana ndani ili vumbi lisipite kabisa. Kilifunika juu, ubavuni na nyuma. Mama alikipenda mno hata hakukitoa wakati wa kazi. Alinyanyua upindo wa mbele tu, akabonyeza kitufe, akaurudisha.

Alhamisi hiyo Mama alikuwa akichapa sura ya tatu. Ghafla kioo kikawa cheusi. Mlio wa boksi ukakatika.

"Tena!" Mama akasema. "Wiki hii yote ni hivyo hivyo!"

"Ni huyo Kelele," Sindano akadakia akiwa bado na povu mikononi. "Michezo yake ya kuazima imeingiza virusi."

"Mimi tena?" Kelele akang'aka. "Leo hata sijaigusa!"

"Si lazima uiguse leo. Vimeshaingia."

"Umeviona?"

"Virusi havionekani."

"Sasa umejuaje?"

Sindano alimgeukia Mama, akamkumbusha kwamba mara nyingi kompyuta ilizimika Kelele akiwa anacheza mchezo wake wa mbio za magari. Jambo hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Mama akashusha pumzi.

"Kelele, kuanzia leo usiiguse mpaka niseme."

Kelele alifura kama mkate, akaenda kulala bila kuaga. Mama aliwasha tena kompyuta. Iliwaka, lakini alipoifungua sura ya tatu, maandishi yalitokea kwenye kioo yakisema kwamba faili limeharibika. Alijaribu mara ya pili, ya tatu. Ilikuwa kazi ya mwezi mzima.

Kesho yake, Sindano alipotoka shule na Mama alipotoka kazini, walibeba boksi lile wakaenda kwa fundi wa kompyuta mtaa wa pili. Fundi alikuwa dada mmoja mwenye mikono ya shati iliyokunjwa hadi kwenye viwiko. Karakana yake ilijaa maboksi yaliyo wazi na nyaya zilizoning'inia ukutani.

"Karibuni. Haya, inaumwa nini?"

"Ina virusi, dada," Sindano akawahi.

"Taratibu, mdogo wangu. Mimi nimeuliza dalili, wewe tayari umeshachimba kaburi."

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kisha akaeleza mwenyewe: inazimika bila onyo, na sasa sura ya tatu haifunguki.

Fundi hakuanza kufungua skrubu. Kwanza aliwasha boksi na kunakili ripoti yote kwenye flashi, kisha akainakili tena kwenye mashine yake. "Kabla ya tiba, nakala," alisema. "Tukikosea mbele ya safari, kazi yako iwe pembeni salama." Sura zote zilinakilika isipokuwa ile ya tatu.

"Imepotea?" Mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Hatujui bado. Sikiliza, mama. Diski ni kama kabati la mafaili pale zahanati. Kompyuta ikizimika ghafla, ni sawa na karani aliyekuwa ameshika faili mkononi, umeme ukakatika, akalitupa popote gizani. Faili huenda lipo, ila haliko mahali pake. Sasa tutaiambia kompyuta ipite rafu moja baada ya nyingine, ikague diski nzima, na irekebishe itakachokikuta."

Akabonyeza. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo, polepole, kama konokono asiye na haraka. Mama alikunja kona ya mkoba wake, akaikunjua, akaikunja tena. Mstari ulipofika mwisho, kioo kilionyesha kwamba makosa yamepatikana na yamerekebishwa. Fundi akagonga sura ya tatu mara mbili.

Ikafunguka.

Mama aliinama akasoma haraka haraka hadi chini. "Aya ya mwisho tu ndiyo haipo. Hiyo naikumbuka hata nikiwa usingizini!"

"Na virusi je?" Sindano akauliza.

"Nimetafuta. Hakuna hata kimoja."

"Labda vimekimbia."

"Vimekimbilia wapi, mdogo wangu, sokoni?" Fundi akatabasamu, kisha akawa makini. "Makosa ya diski nimeyarekebisha. Lakini yale ni majeraha tu ya kuanguka. Kinachoiangusha sijakiona bado. Iacheni hapa ifanye kazi mpaka kesho."

Jumamosi asubuhi walipofika, boksi lilikuwa likinguruma kwa utulivu. Halikuwa limezimika hata mara moja. Fundi aliwapa ile flashi pamoja na waya wa umeme wa akiba, akamgeukia Sindano.

"Ikizimika tena nyumbani, usiniambie ni nani. Niambie ni lini, na ilikuwa katika hali gani. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano kwa pamoja, ikapona, hutajua kilichoiponya."

Nyumbani, Mama alifuta vumbi mezani, akaunganisha nyaya, akalivalisha boksi kitambaa chake na kukinyoosha vizuri. Alikuwa na muda kabla ya zamu ya mchana. Aliandika upya ile aya iliyopotea, akaihifadhi na kuinakili kwenye flashi, akaanza sura ya mwisho.

Kioo kikawa cheusi.

Mama alishika tama akaitazama kompyuta. "Kwa fundi inafanya kazi usiku kucha. Kwangu haimalizi hata ukurasa. Kesho ni Jumapili, Sindano. Nisipomaliza kesho, basi."

"Nenda kazini, Mama. Ukirudi utakuta nimejua."

"Utajuaje?"

"Nitajua tu."

Alisema hivyo akiwa amenyoosha shingo, na hakuwa akijitapa. Mama alipoondoka, Sindano alisimama katikati ya sebule akajiuliza: kwa fundi kuna nini ambacho hapa hakipo? Na hapa kuna nini ambacho kwa fundi hakipo? Kule umeme ulitoka kwenye soketi nyingine. Waya ulikuwa mwingine. Basi ataanza na hivyo. Ripoti ilikuwa salama kwenye flashi na kwa fundi, kwa hiyo hata kompyuta ikizimika, hakuna kitakachopotea. Alihitaji tu kazi ya kuichosha. Na hakuna kilichoichosha kompyuta ile kuliko mbio za magari.

"Kelele! Njoo ucheze."

Kichwa kikachungulia mlangoni. "Mtego huo. Nikikaa tu utamwita Mama."

"Mama yuko kazini."

"Ndiyo maana nasema ni mtego."

"Njoo, mdogo wangu. Nakuomba."

Kelele alitoa macho. "Wewe unaumwa?" Lakini alikwisha vuta kiti.

Sindano alihamishia plagi kwenye soketi ya chumbani, akitumia waya mrefu wa kuunganishia. Kelele akaendesha gari lake la kwenye kioo kama mtu anayefukuzwa na askari. Alipokuwa karibu kushinda, giza.

"Nilikuwa wa kwanza!" akalia.

"Soketi siyo," Sindano akasema, akairudisha plagi mahali pake. Akaondoa waya wa zamani, akaweka ule wa akiba. Kelele akacheza tena. Giza tena, na safari hii upesi zaidi.

"Waya siyo. Lakini kwa nini imewahi?"

Alisogeza boksi ili aangalie nyuma yake. Mikono yake ilipolikumbatia, alihisi joto likipenya kitambaa. Akanyanyua upindo wa nyuma. Hewa ya moto ilimpiga usoni kana kwamba amefunua sufuria inayochemka. Pale nyuma palikuwa na feni ndogo, na ubavuni palikuwa na matundu mengi ya kupitishia hewa. Yote yalikuwa yamezibwa na bitana, ile bitana aliyoishona yeye mwenyewe kwa mishono midogo midogo ili hata vumbi lisipite.

Kwa fundi hapakuwa na kitambaa. Walikuwa wamekiacha nyumbani.

Sindano akakitoa kitambaa chote, akangoja boksi lipoe, akasema, "Cheza."

Kelele alicheza mpaka vidole vikamuuma. Akashinda, akashindwa, akashinda tena. Kompyuta ilinguruma tu.

"Imepona! Twende kwa jirani tukampigie Mama simu!"

"Bado."

Moyo wa Sindano ulitamani iwe bahati tu, au waya, au chochote kingine. Lakini ili ajue kweli, ilimbidi arudishe kitambaa. Akakirudisha, akakinyoosha kama Mama alivyokuwa akikinyoosha. Kelele hakufika mbali kabla kioo hakijawa cheusi. Akakitoa tena. Ikapoa, ikawaka, ikaendelea kuwaka. Hapakuwa na shaka tena.

Kelele alimtazama dada yake, akakitazama kitambaa.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

"Sema kwa sauti."

"Si wewe, Kelele! Michezo yako inaichosha, inapata joto haraka. Lakini isingezimika kama ingekuwa inapumua."

"Utasema hivyo mbele ya Mama?"

Sindano aliwaza. Angeweza kukitumbukiza kitambaa kwenye beseni la kufulia na kunyamaza. Lakini kingekauka, na Mama, kwa mapenzi yake, angelivalisha boksi tena kwa mkono wake mwenyewe, labda kesho hiyo hiyo akiwa katikati ya sura ya mwisho.

"Nitasema," akajibu.

Mama aliporudi jioni hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Sindano alikuwa amesimama karibu na kompyuta, na Kelele pembeni yake kama shahidi mahakamani.

"Mama, nimejua. Ni kitambaa changu. Kinaziba matundu ya hewa, boksi linapata moto, na likizidi moto linajizima lisiungue. Nimejaribu soketi, nimejaribu waya, nimejaribu na kitambaa, na bila kitambaa, na tena nacho. Weka mkono hapa nyuma." Mama akauweka. Hewa vuguvugu ilitoka bila kizuizi. "Na Kelele nilimsingizia. Sikuwa nimeona chochote. Nisamehe, Kelele."

"Nitafikiria," Kelele akasema, akijitahidi asicheke.

Mama alivuta kiti akaketi. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikiifunika kila siku, naona fahari," akasema. Akaangua kicheko, na watoto wakamfuata.

Jumapili nzima Mama aliandika. Jioni aliweka nukta ya mwisho, akahifadhi kazi, akainakili kwenye flashi kama fundi alivyowafundisha. Kisha akawaita watoto wake wote wawili.

"Sikilizeni. Kule zahanati, homa ya mgonjwa ikipanda, ni rahisi sana kutafuta wa kumlaumu. Tunamsema aliyeleta chakula, tunamsema aliyekuja kumtazama. Muuguzi mwema anachunguza wote hao, halafu anajiuliza pia, je, mimi nimemfanyia nini leo? Sindano, kitambaa ulikitengeneza kwa upendo, na hilo si kosa. Ulikosea ulipomhukumu mwenzako kabla ya kuchunguza. Lakini ulipoanza kuchunguza, ulijichunguza na wewe mwenyewe, na ulipoona ukweli ukausema ungali wa moto. Ndiyo maana kesho nitaweza kukabidhi ripoti yangu. Nataka muwe hivyo katika kazi yoyote mtakayofanya. Na Kelele, nilikukataza kompyuta bila kosa. Leo wewe ndiye utakayeifunga kompyuta."

Kelele akashika kipanya kwa mikono miwili. Akaifunga ripoti ya Mama kwa uangalifu, akabonyeza amri ya kuzima. Kompyuta ilimaliza shughuli zake bila pupa, ikapanga kila kitu mahali pake, na kioo kikawa cheusi.

"Imezimika!" Mama akasema kwa mzaha. "Nani kaizima?"

"Mimi!" Kelele akajibu, sauti yake ikasikika hadi nyumba ya tatu.