Nafasi ya Katembo

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya milima ya Kongo wakati Esperance alipofunga kibanda chake cha vitenge pale Bwera, mpakani upande wa Uganda, akalibeba tarumbeta la marehemu kaka yake kulirudisha kwa bendi. Mwendo wa dakika kumi tu.

Bendi yenyewe ilikuwa mseto wa waliojua noti na waliojua kupuliza tu: wauza kahawa, mwalimu mmoja, wakimbizi wa Beni kama yeye, na mzee Zedekia, aliyestaafu bendi ya polisi. Walikuwa na mwiko mmoja. Mwenzao akifa, wanampigia wimbo kaburini, na sehemu yake inaachwa wazi. Kimya. Marehemu anapita hapo kwenda zake.

Wiki mbili nyuma walimzika Katembo, kaka yake Esperance. Kimya chake kilipofika, Esperance alishindwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini wa ndugu uliyekimbia naye vita nao si haba. Aliinua tarumbeta lake akapiga noti zote za kaka yake, hadi mwisho.

Tangu siku ile hakulia tena. Hakusikia njaa. Ganzi ya midomo kila mpigaji anaijua, ila ya kwake haikuondoka. Ilishuka shingoni, ikatua kifuani. Watu walimpa pole, akawaangalia tu. Na pumzi ikawa inapungua kila siku.

Alipofika ukumbini, wenzake walikuwa wameshakaa. Aliliweka tarumbeta la Katembo juu ya kiti chake kitupu. Zedekia akamvuta pembeni, akanong'ona.

"Ile siku ulijaza nafasi ya mufu. Sasa yeye iko napumua na kifua yako."

"Ni ndugu yangu, afande. Kwetu nilibakia na yeye tu."

"Leo tunarudia wimbo. Nafasi yake ikifika, toa mdomo kwa tarumbeta. Muache aende. Ukipuliza tena..."

Akarudi kitini kwake.

Wakaanza. Harufu ya udongo mbichi ikajaa ukumbini, na mvua haikuwa imenyesha.

Nafasi ikafika.

Esperance akashusha tarumbeta. Kimya...

Mara hewa ikamwingia, nzima, mpaka chini ya mbavu. Vidole vikamwasha. Kisha uchungu nao ukaja, wote kwa mkupuo, akatamani ganzi yake imrudie.

Juu ya kiti, kitufe cha kwanza cha tarumbeta kikashuka chenyewe.

Sauti ikatoka. Nyembamba, ya mtu anayepanda mlima akihema. Noti moja. Ya pili. Ya tatu ikaanza kukatika.

"Acha," Zedekia akamnong'oneza Esperance. "Mama, muache aende."

Ilibaki noti moja tu, na Katembo hakuwa na pumzi ya kuifikia. Esperance alimsikia akihangaika. Akainua tarumbeta lake, akavuta hewa yote aliyokuwa amerudishiwa, akapuliza.

Tarumbeta lake halikutoa sauti.

La kwenye kiti likalia, kubwa, safi, madirisha yakatetemeka. Wenzake wakaacha kupiga, mmoja mmoja. Esperance aliendelea kupuliza, macho makavu, hasikii chochote tena. Zedekia akamwekea kiganja mgongoni kutafuta pumzi yake.

Mgongo haukupanda wala kushuka. Noti ilikuwa bado inaendelea.