Makochi ya Makene

Oktoba ile joto la Tunduma lilikuwa limemchosha kila mtu. Foleni ya malori ya kwenda Zambia haikusogea, na vumbi lake liliingia dukani likakalia mapazia ya Gwantwa. Mchana mmoja akaingia pia mwanamume aliyevaa koti la suti, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

Gwantwa alimtazama kuanzia viatu vyenye ncha hadi utosini, akaamua kuwa ni mshamba mwenye hela.

"Dada, nataka mapazia mazito. Mekundu, yenye vishada vya dhahabu."

"Ya ukumbi wa harusi?"

"Ya nyumbani kwangu, Chapwa."

"Kuna silingibodi?"

"Bado. Bati tupu."

"Basi kaka, nunua na mkaa kabisa, ujioke vizuri."

Wateja walicheka. Yeye naye akacheka kuliko wote, akavua koti. Aliitwa Makene, kwao ni wafugaji wa bondeni Momba, naye alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Saza. Alichukua mapazia mepesi aliyochaguliwa, akaomba na namba ya simu. Gwantwa alimpa, akijiambia ni biashara tu.

Simu zikaanza.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Umevua lile koti?"

"Nimevua. Njoo uone."

"Nipande bodaboda kwenda kumwona mtu asiye na koti?"

Lakini alikwenda. Ilipofika Novemba alikuwa amempenda, na jambo hilo lilimuudhi, maana nyumba ile ilikuwa kichekesho. Kulikuwa na makochi ya velveti ya zambarau, mapana kama migongo ya ng'ombe, bado yamevikwa nailoni. Kulikuwa na kabati la glasi ambazo hakuna aliyezinywea, na maua ya plastiki kila kona. Feni haikuwepo. Bati lilikuwa likitoa ule mlio wake wa joto, na kila Gwantwa aliposimama, mapaja yalibanduka kwenye nailoni kama plasta.

"Tutoe hii nailoni basi."

"Yatachafuka, mpenzi. Vumilia kidogo."

Jumapili moja Makene alitoka kununua soda. Gwantwa akampigia simu shoga yake Irene.

"Nipo kwenye duka la samani, shoga, ila hili lina kitanda. Huyu mtu hakuwahi kuona kiti utotoni, sasa anavikomoa. Utamlaumu? Amekua akilala na ng'ombe."

Alipogeuka, Makene alikuwa mlangoni na soda mbili mkononi. Aliziweka mezani polepole.

"Kunywa kabla haijapata moto," alisema.

Kisha alimrudisha mjini. Kuanzia hapo simu yake haikupatikana. Watu walisema yuko Saza. Gwantwa aliendelea kupima vitambaa na kujiuliza kwa hasira: amekasirikia nini, kwani si kweli? Usiku mto ulikuwa unalowa, akasema ni joto.

Kisha mama yake akapiga kutoka kijijini Ibaba.

"Yule mfugaji wako amemaliza kununua vitu?"

"Vitu gani, mama?"

"Alikuja kunisalimia, akaniomba nisikwambie mpaka nyumba iwe tayari. Alitaka kuanza na silingibodi, eti usiungue. Nikamwambia silingibodi nani ataiona? Mwanangu haingii nyumba tupu kama zizi. Nikamtajia makochi, mpaka rangi. Akawa anaitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama, kama ndama." Mama akacheka.

Gwantwa alikitambua kicheko kile. Kilikuwa chake mwenyewe, ila kimezeeka.

"Usimseme hivyo, mama."

"Kwani nimedanganya?"

"Usimseme tu."

Aliposikia Makene amerudi, alifunga duka mchana. Alimkuta sebuleni na fulana iliyolowa, amesimama juu ya stuli, akipima kwa futi kamba pa kuweka silingibodi. Hakushuka.

"Mama ameniambia," Gwantwa alisema. "Kwa nini ulinificha?"

"Ungecheka."

Gwantwa alisogea karibu na stuli.

"Nimekutukana, Makene. Wewe na waliokulea. Nisamehe."

Makene alivuta futi kamba hadi ukutani. "Kwetu kulikuwa na viti," alisema. "Baba alivichonga mwenyewe. Nilitaka nikupeleke ukavione."

"Nipeleke."

"Joto la bondeni? Hili la hapa tu limekushinda."

"Nitalalamika njia nzima. Lakini sitakusema tena kwa mtu."

Alishuka, akasimama mbele yake. Hakutabasamu.

"Nataka kukuoa, Gwantwa. Ila ukinidharau, nidharau usoni. Mgongoni inauma."

"Usoni kabisa?"

"Kabisa."

Gwantwa akayatazama yale makochi, akashusha pumzi. "Basi naanza leo. Ni mabaya, mpenzi. Ni mabaya sana."

Makene aliuma mdomo, kicheko kikamshinda. "Najua. Tangu siku ya kwanza najua. Sasa utanijibu au umekuja kukagua?"

"Nimekubali," alisema Gwantwa. "Na kwa mama nitakwenda mimi mwenyewe kumwambia."