Mwendo wa Bakari

Klementi alikuwa mkulima wa korosho kijijini Miteja. Kwa miezi kadhaa hakwenda shamba. Miguu ilimlegea, kichwa kilimgonga, na kutwa nzima alikaa barazani hasemi na mtu. Mkewe Stefania akimwuliza jambo, anajibiwa kwa mkato.

Siku moja akaja Shamimu, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akampima presha. Alipoona namba, akapima tena.

"Mia na themanini kwa mia na kumi. Dawa unameza?"

"Niliacha. Niliona nimepona."

Stefania aliweka ungo chini. Hakuwa na habari hiyo.

"Presha haipigi hodi, baba," Shamimu alisema. "Unajiona mzima, kumbe inakuharibu ndani."

Siku hiyohiyo walikwenda zahanati. Daktari alimrudishia dawa, akamkataza kuziacha bila kuambiwa. Presha iliposhuka kidogo, Shamimu akarudi.

"Daktari amekuruhusu kutembea. Kikundi chetu cha kutembea hukutana ofisi ya kijiji kila asubuhi. Anza na dakika kumi, uongeze polepole hadi nusu saa. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea. Kifua kikibana, simama, useme."

"Wanakwenda akina nani?"

Shamimu akawataja. Wa mwisho alikuwa Bakari.

Klementi aligeuza uso. Miaka miwili nyuma, Bakari alichoma majani shambani kwake. Moto ukavuka mpaka, ukaunguza mikorosho kumi na moja ya Klementi. Bakari hakuja hata kusema pole. Tangu hapo hawakusalimiana.

"Siendi."

"Basi kaa hapo," Stefania alisema, "nami nianze kuzoea ujane."

Kesho yake Klementi alikwenda. Alitembea nyuma kabisa. Bakari alikuwa mbele, wala hakugeuka. Wiki tatu zikapita hivyo. Wengine walicheka, wakaulizana habari za nyumbani. Wao wawili, kimya. Hata hivyo Klementi alianza kupata usingizi, na asipoonekana, wenzake walipita kumwulizia.

Asubuhi moja Bakari alianza kubaki nyuma. Alikuwa akiuburuta mguu wa kulia. Klementi akamfikia. Angeweza kumpita. Lakini alimtazama usoni, akaona mdomo umekwenda upande.

"Bakari, nyanyua mikono yote miwili."

Mmoja ulinyanyuka. Wa pili ulining'inia. Bakari alijaribu kusema, maneno yakatoka yamevurugika.

Klementi alimdaka kabla hajaanguka. "Shamimu, njoo. Ni zile dalili ulizotufundisha. Mdomo, mkono, maneno."

"Ni kiharusi," Shamimu alisema. Mtu mmoja alileta maji, Shamimu akamzuia. "Asinywe, atapaliwa. Tafuteni gari upesi."

Gari la kwanza halikusimama. La pili nalo likapita. La tatu likasimama, wakampakia. Shamimu akapiga simu hospitali ili wajiandae. Njia nzima Klementi aliushika ule mkono uliolegea.

"Mmemwahisha," daktari wa hospitali alisema. "Mngemwacha nyumbani apumzike, leo tungesema mengine."

Siku ya tano, Klementi alipokwenda kumwona, Bakari aliweza kuongea, kwa taabu.

"Mikorosho yako," alisema. "Nilitaka kuja. Nikaona aibu."

"Ungekuja," Klementi alisema. "Ningefoka, halafu yangekwisha."

Bakari aliporudi kijijini, wanakikundi walibadili njia yao ili wapite kwake. Mwanzo alifika uani tu, na fimbo. Baadaye akafika barabarani. Stefania naye akajiunga, na majirani wengine sita. Presha ya Klementi ikawa mia na thelathini na sita kwa themanini na nne. Dawa aliendelea kumeza, na shamba akalirudia.

Mwezi wa nne tangu augue, siku ya Ijumaa, Bakari alitaka kwenda msikitini kwa miguu yake. Klementi alimsindikiza, hatua kwa hatua, akisimama kila aliposimama. Mlangoni akampokea fimbo.

"Nenda kasali," alimwambia. "Nakungoja hapa, turudi pamoja."

Akakaa kibarazani kwa nje, yeye Mkristo, fimbo mapajani, mpaka watu walipotoka.