Niliposema Sijui Kusoma

"Muulizeni huyu! Sahihi ni yake!"

Mbunge alininyooshea kidole mbele ya kamati ya chama. Mimi, mke wa mtoto wa kaka yake, mtoto mgongoni!

Jamani!

Ilikuwa 1979, Mabawe, Ngara. Mume wangu Kazimili yuko vitani Uganda. Mimi mama kijana, nimetoka kufaulu masomo ya jioni.

Mliokuwepo mnakumbuka: kiongozi haruhusiwi mishahara miwili. Lakini baba mdogo Leonidasi, mheshimiwa wetu, alikuwa analipwa kisirisiri na tajiri mmoja wa malori kule Nyakanazi.

Siku moja alinijia na karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Weka sahihi hapa. Utaandikwa karani wa tajiri."

"Karani? Mimi nalima maharage, baba!"

"Jina lako, mshahara wangu. Sabuni ya mtoto haitakosekana."

Nikasaini. Tena kwa madaha!

Vita ikapamba moto. Malori ya watu yakachukuliwa kupeleka vyakula jeshini. Ya tajiri hayakuguswa, baba mdogo aliyakingia kifua. Ndizi tulizowachangia askari zikaoza nje ya ofisi ya kijiji kwa kukosa gari. Na Kazimili wangu yuko hukohuko!

Watu wakalalamika. Kamati ikaja, ikaikuta kwa tajiri ile karatasi yenye sahihi yangu.

"Mama, ulijua unachosaini?" mwenyekiti akaniuliza.

Nikikubali, naenda ndani. Na mtoto bado ananyonya...

Jirani yangu Secilia akanifinya. "We! Sema hujui kusoma!"

Nikasema.

"Sijui kusoma, mzee. Nilionyeshwa tu pa kuchora jina."

Baba mdogo akacheka kwa nguvu. "Hajui? Ana cheti huyo! Mwiteni mwalimu wake!"

Akaja Mwalimu Bernadetha. Huyu ndiye aliyekuwa akinibebea mtoto ili mimi niandike ubaoni.

"Mwalimu, huyu mama alifaulu?"

Akamtazama mwanangu. Akanitazama mimi. Nikajua nimekwisha...

"Hakufaulu," akasema. "Mtihani nilimjazia mimi."

Mungu wangu!

Baba mdogo alivuliwa uongozi. Mwalimu akafukuzwa kazi wiki ileile. Mimi? Nikarudi nyumbani kunyonyesha.

Nilipomwendea mwalimu, nilimkuta anafunga mizigo.

"Mwalimu, nisamehe..."

"Nyamaza, utamwamsha mtoto. Kesho darasani atafundisha nani?"

"Sijui, mwalimu."

"Kuna wamama kumi na wanne pale. Usiwaache."

Sikuwaacha. Nimewafundisha miaka na miaka, bila cheti. Lakini kila aliponiita mtu "mwalimu", niliona aibu.

Wapendwa, kiongozi anayelipwa pande mbili hafichi pesa kwa jina lake. Anatafuta jina la anayempenda. Ukiombwa la kwako, kataa, hata kama ni baba mkwe.

Na kama humu yumo mtoto au mjukuu wa Mwalimu Bernadetha, asome hapa: mama yenu hakughushi chochote. Ule mtihani niliujibu mwenyewe. Na ile karatasi, kabla ya kusaini, niliisoma yote.