Kindness Ndani ya Kinanda

Naapa, haya yote ni kweli tupu, kweli iliyooshwa ikaanikwa juani. Mwenye shaka apande huku mlimani juu ya Himo, aulize nyumbani kwa akina Kindness.

Kindness alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alikata majani ya ng'ombe, akafagia zizi, kisha akakimbilia kanisani kutazama kinanda kikitengenezwa. Hakikuwa kinanda cha kuchomeka kwenye umeme. Kilikuwa kabati la mbao kubwa kama jiko la bibi, lenye mabomba ya bati mamia kwa mamia, kila bomba na sauti yake moja. Wazee wa zamani walikipandisha mlimani vipande vipande, mabegani, wakati barabara ilikuwa matope matupu. Kikaimba miaka mingi, mpaka panya walipotafuna mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayosukuma upepo kwenye mabomba. Kikanyamaza. Washarika wakaamua kukifufua. Kila Jumapili baada ya ibada, mayai, kahawa na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka ilipigwa mnada, na mapato yake yakamleta fundi Theodory kutoka Shirimatunda.

Fundi alishona ngozi mpya, na watoto wakamsaidia kuosha mabomba mfongoni, kwenye mfereji unaoleta maji mashambani. Godbless, rafiki yake Kindness, alikabidhiwa kazi mbili: kuyalinda mabomba, na kuvuta mpini wa mivukuto siku ya kukiweka kinanda wakfu.

Kosa la Kindness lilianzia pale mfongoni. Bomba dogo kuliko yote, jembamba kama kalamu, lilitoa mlio mtamu akilipuliza. Akalitia mfukoni. "Nitalirudisha kesho," alijiambia. Jioni alilipuliza zizini, ng'ombe akashtuka, bomba likamponyoka, ukwato ukatua juu yake. Kindness akalinyoosha kwa kijiti cha mti wa kahawa, akaziba ufa kwa utomvu wa mgomba. Likawa linakoroma.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya wakfu, fundi alitoka kunywa chai. Kindness akapenya kwenye mlango mdogo ubavuni mwa kinanda ili alirudishe. Kabla hajaliona tundu lake, akasikia nyayo za fundi na Godbless. Akajibanza.

"Nani kaacha mlango huu wazi? Panya wataingia tena," fundi alinung'unika. Akaupiga komeo kwa nje. Ndani kukawa giza totoro.

"Haya, Godbless, vuta!" fundi akaamuru.

Mvukuto ukajaa upepo, ukamsukuma Kindness mpaka mgongo wake ukagota kwenye mbao. Ulipopungua alivuta pumzi; ulipojaa alibanwa tena. Vumbi lilimwingia puani, akajiziba asipige chafya. Fundi alijaribu sauti moja baada ya nyingine, zote zikaitika. Kisha, kwenye sauti ya juu kabisa: fyuuu! Upepo mtupu.

"Godbless, bomba dogo liko wapi?"

"Si lipo hapo juu, fundi?"

"Halipo. Nilimkabidhi nani?"

"Mimi. Lakini sijalichukua, haki ya Mungu!"

"Usiniapie kanisani! Kesho mpini atashika mwingine. Twende kwa mchungaji ukamweleze mwenyewe."

"Fundi, nakuomba. Bibi anapanda kutoka Chekereni kuja kuniona..." Sauti ya Godbless ikakatika kwa kilio.

Kindness akapiga hesabu. Akinyamaza, wangeondoka, na baadaye fundi akifungua mlango angechomoka bila kuonwa na mtu. Akisema, usharika mzima ungejua. Nyayo zikaanza kuondoka. Alitaka kuomba msamaha, lakini kilichomtoka ni kile alichofundishwa kumwambia mkubwa kabla ya neno lolote:

"Shikamoo, fundi!"

Nyayo zikasimama.

"Fundi," Godbless alinong'ona, "kinanda kinakuamkia."

"Ma... marahaba," fundi akaitikia. "Wewe nani?"

"Mimi Kindness! Bomba ninalo mimi. Godbless hajaiba."

Alitolewa amejaa vumbi kama aliyelala kwenye mashine ya kusaga. Akaeleza yote: mfongo, ng'ombe, utomvu. Kisha akamgeukia mwenzake. "Nisamehe. Nimekuacha ukisemwa."

"Yaani ulikuwa unasikiliza tu?" Godbless alifuta machozi kwa mkono wa shati. "Siku nyingine usisubiri nilie!"

Fundi aliligeuzageuza lile bomba. "Utomvu wa mgomba! Makubwa." Kisha akakaa kwenye benchi, sauti ikashuka. "Kindness, hili ni bati laini. Nitalinyoosha, ufa nitaulehemu, kesho litaimba. Lakini jina la Godbless likipindishwa mbele ya mchungaji, mimi sina chombo cha kulinyooshea. Ukikosea, sema mapema, mwingine asibebe mzigo wako. Na mimi nimekosa, nimehukumu kabla ya kuuliza. Godbless, mpini ni wako. Kindness, nishikie taa."

Jumapili Godbless alivuta mpini, bibi yake akapiga vigelegele, na kinanda kikapaza sauti hata ng'ombe wa Himo wakaacha kucheua.

"Babu Elifuraha!" Kindness alinidaka papo hapo nilipomsomea hadithi hii. "Himo gani? Mama alikuwa nyumbani kwetu, hapo tu bondeni, na hakusikia kitu."

Nikajitetea kwamba upepo ulikuwa unavuma kuelekea Himo.

"Babu, si umeapa?"

Basi, nimelipa faini ya uongo wangu. Nimekata mkungu wangu wa ndizi za mshare, ule mnene niliokuwa nikiuficha nyuma ya nyumba, nikaupeleka mnadani. Kindness alinisindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa, nisije nikageuza njia.