Mbao za Hombo, Shamba la Patsy

Asubuhi za Patsy, kijiji cha mlimani, huanza na ukungu. Hutanda juu ya migomba, kisha jua likipanda hujikunja taratibu kuelekea mlimani. Katika miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wafaransa, Zouhoura alizoea kupanda huko kutoka mjini Mutsamudu, kikapu kichwani, kwenda kulima shamba aliloachiwa na mama yake. Lilikuwa na muhogo, ndizi, na miche ya mikarafuu iliyomfikia magotini. Miche hiyo alimpandia binti yake, Faouzia. Nanyi ndugu zangu mnajua desturi yetu: ardhi kama ile hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na kaka huisimamia na kuisemea. Msimamizi wa shamba hili alikuwa Idarousse, kaka yake Zouhoura.

Chini ya shamba kuna korongo lenye maji, na ng'ombe wa kijiji hunywa hapo. Uzio wa zamani ulikuwa umeoza. Asubuhi moja Zouhoura alikuta ndama amelala katikati ya muhogo, anacheua kwa raha zake kama mgeni aliyekaribishwa. Akashuka mjini kumwambia kaka yake.

Idarousse aliijua miti. Nalisema hili mapema ili tusimdhanie ujinga. Alichagua mfenesi mkongwe, akawaagiza wapasuaji waondoe ile sehemu nyeupe ya nje ambayo mchwa huipenda, wabakize moyo wa njano. Mbao akazipanga kivulini na kuweka vijiti katikati ili upepo upite, akaziacha mpaka zikakauka. Ncha za nguzo alizichoma moto, ule upande wa kuingia ardhini. Kazi ilikuwa nzuri, na ilibaki kusimamishwa tu.

Ndipo harusi ya Faouzia ikakaribia. Mchumba wake, Charif, alikuwa karani mjini Moroni, kisiwa cha jirani, na siku ya harusi kubwa angeingia kwa maandamano katika nyumba aliyojengewa binti huko Hombo, mtaa wa mjini. Mbele ya nyumba palikuwa na bustani ndogo ya asumini, na uzio wake ulikuwa wa makuti yaliyochakaa.

"Dada, zile mbao zitakwenda Hombo," alisema Idarousse.

"Za mfenesi?"

"Hizo hizo. Watu wa Moroni wanakuja. Unawajua wewe? Mkono mmoja uko kwenye pilau yako, jicho linahesabu misumari ya mlango wako."

Zouhoura akacheka. "Waache wahesabu, hesabu si dhambi. Na ng'ombe wa Patsy utawazuia na nini? Utawasomea dua?"

"Nitaweka mbao nyingine. Kule nani anapita?"

"Ng'ombe ndio wanaopita, kaka. Hao ndio wageni wangu."

"Unataka waseme binti yetu ameolewa nyuma ya makuti?"

Hapo Zouhoura akachukua kikapu chake bila kubisha tena. Shamba lilikuwa lake, na angeweza kukataa. Lakini kubishana na kaka wakati wa harusi, majirani wakasikia, lilikuwa jambo zito kwake. Simlaumu. Wangapi kati yetu tungesema?

Basi mfenesi ukasimama Hombo, ukanyooka, ukang'aa kwa mafuta. Kule Patsy, Idarousse alipeleka mbao mbichi za mwembe, zingali zinatoa maji kwenye msumari, na nguzo ambazo hazikupita motoni. Zouhoura alipofika alimkuta anapigilia.

"Kaka, umezipigilia upande wa ndani wa nguzo."

"Ndiyo."

"Ng'ombe anasukuma kutoka korongoni. Ukizipigilia nje, akisukuma anazikandamiza kwenye nguzo. Huku ndani anazing'oa tu."

"Najua, Zouhoura! Lakini nje ni ukingoni. Nikiteleza, harusi itageuka matanga. Baada ya sherehe nitakuja kuzigeuza."

Kisha akaupaka uzio wote chokaa. Kwa mbali ulipendeza.

Harusi ilifana. Ngoma zilipigwa, wanawake wakapiga vigelegele, Charif akaingia Hombo amevaa joho zito, amezungukwa na watu kiasi kwamba paji la uso tu ndilo lililoonekana. Baada ya sherehe Idarousse alipumzika. Mvua za kaskazi zikaanza, na safari ya kugeuza mbao ikaahirishwa, ikaahirishwa tena.

Mbao mbichi zilipinda, misumari ikalegea. Mchwa wakaanza chini, mahali ambapo chokaa haikufika. Siku moja ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, kundi la ng'ombe lilipanda kutoka kwenye maji na kuegemea uzio. Haukuvunjika kwa kishindo. Ulilala tu.

Zouhoura alipofika, muhogo ulikuwa umefukuliwa na migomba imelala. Katika mikarafuu ya Faouzia hakukubaki mche hata mmoja. Msimu ule alikula kwa vyungu vya majirani, yeye aliyezoea kuwagawia.

Familia ilikusanyika Hombo. Idarousse, macho chini, akamwambia Charif: "Mkwe, nilitaka nyumba yako isichekwe. Wenzako wa Moroni walisemaje kuhusu uzio?"

Charif akashangaa. "Uzio upi, mjomba?"

"Huu hapa! Ulipita mbele yake."

"Wallahi sikuuona. Niliangalia miguu yangu nisikanyage joho. Na wenzangu walikuwa wakiuliza pilau iko wapi."

Hakuna aliyecheka.

Siku iliyofuata, soko likiwa limejaa, Idarousse aling'oa mbao za mfenesi, akazibeba begani mwenyewe, akapita njia ile ile ya maandamano. Safari hii watu waliziona vizuri. Alizipigilia upande wa korongoni, amejifunga kamba kiunoni, na Zouhoura ndiye aliyeishika. Muhogo ulipandwa upya. Mikarafuu ya Faouzia ingekuwa imeanza kuzaa wakati bendera ya Wafaransa iliposhushwa. Badala yake, ile iliyopandwa upya ilikuwa bado haijatoa ua hata moja.

MAFUNZO

Ndugu zangu, Idarousse hakuharibu shamba kwa kutojua, bali kwa kuyapa macho ya watu kile kilichokuwa cha tumbo la dada yake. Harusi ni heshima yetu, sisemi tuiache. Lakini mbao imara iwekwe pale mnyama anaposukuma, si pale mgeni anapopita. Na anayeombwa kutoa haki yake kwa ajili ya sherehe aseme hapana mapema, kabla msumari haujapigwa.