Noémie na Mchezo wa Vijiti Vitatu

Kila siku baada ya shule Noémie alichota maji, akaosha vyombo, akafagia mbele ya mlango, kisha akakimbilia kiwanja kilicho nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini Kamina. Kiwanja kilikuwa kikubwa, lakini wasichana hawakuwa na nafasi humo. Wavulana walikijaza chote kwa mpira wa miguu. Wasichana walicheza nzango, mchezo wao wa kuruka na kurusha miguu, pembeni, kando ya mtaro wa maji machafu. Ukiteleza kidogo tu, mguu ulizama kwenye tope jeusi, na nyumbani ulipokelewa kwa makelele.

Noémie alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa miaka miwili alikuwa ameishi Ndola, nchini Zambia, kwa shangazi yake, na huko shuleni alijifunza mchezo ambao rafiki zake wa Kamina hawakuwahi kuuona. Siku moja alichoka na mtaro. Akaingia mpaka katikati ya kiwanja, akasimama mbele ya Yav, kapteni wa wavulana.

"Jumamosi mutupe kiwanja," alisema. "Tunataka kucheza kriketi."

Yav alimtazama, halafu akaangua kicheko. Watoto wa Kamina husoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa neno hilo ni jina la panzi.

"Benzangu, mumesikia? Noémie iko na muchezo ya panzi! Weye, ulienda Ndola miaka mbili kujifunza kukamata panzi?"

"Asisahau chumvi," alidakia Malachie, rafiki yake Yav. "Panzi bila chumvi hapana tamu!"

Kiwanja kizima kilicheka. Hata Lise, rafiki mkubwa wa Noémie, aliziba mdomo kwa kiganja. Noémie alihisi masikio yanawaka, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mucheke mpaka mumalize," alisema. "Mukimaliza, nitawaeleza."

Akaanza kueleza vile alivyofundishwa Ndola: mrushaji, mpigaji, vijiti, zamu. Kabla hajafika mbali, wavulana walikuwa wanapiga miayo.

"Wawili wanapiga, wengine wote wanawafukuza? Hiyo njo vita, hapana muchezo," alisema Yav.

Noémie aligeuka kutazama njia ya reli. Upande wa stesheni, kichwa cha treni kilikuwa kinasukuma mabehewa kwenda na kurudi. Akaokota fimbo, akazivunja, akachomeka tatu hapa, akahesabu hatua ishirini, akachomeka tatu kule.

"Nyote ni watoto ba reli," alisema. "Hapa ni stesheni ya Kamina. Pale ni Luena. Mpigaji mmoja anasimama Kamina, mwenzake anasimama Luena. Adui anarusha mpira ili aangushe vijiti vyangu. Mimi ninavilinda kwa ubao. Nikiupiga mpira ukaenda mbali, tunapishana: mimi nakimbilia Luena, yeye anakuja Kamina. Tukifika wote wawili, hiyo ni safari moja. Safari moja, pointi moja."

Miayo ilikoma.

"Na sisi tunafanya nini?" aliuliza Malachie.

"Ninyi munaufuata mpira. Mukiangusha vijiti kabla sijafika, treni yangu imechelewa: nimetoka, na mwingine wa timu yetu anaingia. Mrushaji akiviangusha, nimetoka. Na mpira ukigusa ubao wangu, halafu mukaudaka kabla haujagusa chini, nimetoka."

"Ukigusa hata kidogo?"

"Hata kama ncha ya kucha."

Yav alikuna kichwa. Alikuwa ameelewa, na hilo lilimuudhi. "Sawa. Jumamosi tucheze, sita kwa sita. Mukishinda, kila Jumamosi kiwanja ni chenu. Mukishindwa, munarudi kwenye mtaro na hatutaki tena kusikia habari ya panzi."

"Tumekubali," alisema Noémie, kabla Lise hajamvuta mkono.

Jumamosi ilipofika, walimwomba Papa Abner, baba yake Yav, awahesabie. Papa Abner alifanya kazi stesheni. Yeye ndiye aliyegeuza reli ili treni ishike njia yake, na siku hiyo alikuwa na mapumziko. Aliketi juu ya jiwe.

"Minyi nitahesabu safari," alisema. "Sheria siijui. Mwenye kuijua ni huyu binti."

Wavulana walipiga kwanza. Walizungusha ubao kama watu wanaopasua kuni, wakagongana njiani kati ya Kamina na Luena, lakini walikuwa na mbio. Walipotoka wote, Papa Abner alihesabu safari ishirini na tatu.

Zamu ya wasichana ilianza vibaya. Wawili walitoka haraka, na wa tatu alichelewa kufika. Walibaki Noémie na Lise, na nyuma yao Tshala, mdogo kuliko wote. Noémie alikaza meno. Alipiga chini, akapiga pembeni, akamwita Lise kwa sauti, "Njoo! Rudi! Simama!" Safari ziliongezeka moja moja mpaka zikafika ishirini na mbili. Zilibaki mbili tu ili washinde. Wasichana pale pembeni walikuwa wanaimba tayari.

Yav alirusha kwa nguvu zake zote. Wakati huohuo treni stesheni ilipiga honi ndefu. Noémie aliinua ubao, mpira ukapita karibu sana, ukaingia mikononi mwa Malachie, aliyesimama nyuma ya vijiti. Hakuna aliyesikia kitu. Malachie mwenyewe alikuwa ameshaanza kumrudishia Yav mpira.

Lakini Noémie alikuwa amesikia kwa vidole vyake. Ubao ulitetemeka kidogo tu.

Alitazama wasichana wanaoimba. Alitazama mtaro. Kisha akaweka ubao chini.

"Nimetoka," alisema.

"Nani amekutoa?" Lise alipiga kelele. "Haujakugusa! Rudi!"

"Umegusa ubao. Malachie ameudaka."

"Minyi sikusikia," alisema Malachie kwa mshangao.

"Mimi nimesikia."

Tshala aliingia kupiga. Mpira wa kwanza uliangusha vijiti vyake, Lise akabaki bila mwenzake wa kupishana naye, na mchezo ukaisha. Wavulana waliruka, wakakumbatiana. Lise alimjia Noémie machozi yakimtoka.

"Umetuuza! Nani alikuuliza? Weye peke yako ulijua!"

"Ni kwa sababu hiyo," alijibu Noémie. Alipandisha sauti ili na wavulana wasikie. "Hapa sheria yote imetoka mdomoni mwangu. Nikiivunja leo, nimewafundisha uongo, na huo si mchezo. Siwezi!"

"Mumeshindwa," alisema Yav. "Mutaro iko inawangoja."

"Mapatano ni mapatano. Tunaenda. Ila hatutaacha kucheza. Kule mtaroni kiwanja si chako, na huwezi kunizuia!"

Aling'oa vijiti vyake kimoja kimoja, akavipanda kando ya mtaro. Mama yake alipoona miguu yake jioni ile, alisema, "Mutoto huyu iko na kichwa nguvu," akampa sabuni.

Jumamosi iliyofuata wasichana walicheza mtaroni. Hata Lise alikuja, ingawa alinuna saa nzima. Kila mara mpira ulipotumbukia, waliuchota kwa ndoo wakacheka. Malachie alisogea kuangalia. Baadaye akaomba ubao. Jumamosi ya pili walifuata wavulana watatu wengine. Ya tatu, Yav alibaki na mpira wake wa miguu na wachezaji wawili.

Akaja mwenyewe, mikono mfukoni. "Hapa munabanana," alisema bila kumtazama Noémie. "Mulete vijiti kwenye kiwanja. Kila Jumamosi tutacheza wote."

"Wote, pamoja na wasichana?"

"Nimesema wote! Unataka niandike barua?"

Siku hiyo hiyo Yav alikimbia kwenda Luena na vijiti vikaangushwa. Wengine walisema amefika, wengine walisema amechelewa, na kelele zikapanda. Yav aliinua mkono wawe kimya.

"Noémie, nimetoka?"

"Umetoka."

Aliweka ubao chini, akaondoka bila neno.

Papa Abner, aliyekuwa ameitwa tena kuhesabu, aliwaita wote wakae.

"Wanangu, mumeona kijana wangu, mwenye kubishana hata na chakula? Amenyamaza. Muniambie kwa nini," alisema. Akaendelea: "Pale kazini, minyi nageuza reli, na dereva anapita mbio. Hashuki kuangalia kama nimegeuza vizuri. Siku nitakayomdanganya mara moja, atasimamisha treni kila mara, na hatufiki popote. Huyu binti alijua kitu ambacho sisi wote hatukukijua. Angeweza kukitumia kujipendelea. Alisema kweli, na ile kweli ilimtoa yeye mwenyewe, mbele ya rafiki zake. Njo maana leo neno lake moja linatosha. Mutu akisema kweli wakati hakuna anayeweza kumkamata, huyo mumuamini. Na ninyi muwe hivyo, shuleni, nyumbani, na kazini siku mutakapokuwa wakubwa."

Kisha akamtazama Lise. "Simama, binti. Ni zamu yako kupiga."